Si kila cha asili ni cha kilimo hai: tuyatafsiri maneno ya lebo kwa uangalifu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niseme jambo linalowahusu wakulima wa viungo wa milima ya Amani, wasindikaji wadogo wa hapa Tanga mjini, na kila mtu ambaye amewahi kuombwa aandike kwa Kiingereza maneno ya kubandikwa kwenye pakiti ya mdalasini au ya pilipili manga. Nimefundisha Kiingereza katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na tangu nilipostaafu na kurudi Muheza, wakulima hunijia na lebo, fomu za maombi, madaftari ya shamba na barua za wanunuzi, wakitaka niwatafsirie. Kazi hii imenifunza kwamba neno moja likikosewa huweza kumponza mkulima ambaye hakukosea lolote shambani, na pengine likamfunga katika ahadi asiyoweza kuitimiza mbele ya sheria ya nchi ambayo hajawahi kuikanyaga.

Nianze na neno lenyewe la "kilimo hai", yaani kilimo kisichotegemea mbolea wala sumu za wadudu za kiwandani. Ni neno zuri, na limeshaota mizizi. Lakini "hai" hapo linaeleza namna ya kulima, halielezi zao. Ndiyo maana ukienda soko la Mgandini ukaulizia kuku hai, utaletewa kuku ambaye hajachinjwa, na wala hakuna atakayekuuliza kama alilishwa nafaka iliyolimwa bila mbolea ya chumvichumvi. Hata hivyo siku hizi naziona pakiti zilizoandikwa "pilipili hai" na "mdalasini hai", na mfasiri anayezipokea huishia ama kuandika kwamba pilipili hiyo inaishi, ama kukisia. Kiswahili chenyewe kina njia iliyonyooka: pilipili ya kilimo hai, kuku wa kilimo hai, maziwa ya kilimo hai. Nchi za Afrika Mashariki zilipokubaliana mwaka 2007 juu ya kiwango kimoja cha mazao haya, alama iliyotolewa ilibeba neno moja lililounganishwa, Kilimohai, na neno hilo ni la Kiswahili kwa nchi zote zilizoingia katika makubaliano. Mimi nalionea fahari jambo hilo. Si mara nyingi neno letu huwa ndilo la kisheria, na la Kiingereza likawa tafsiri yake.

Kwa Kiingereza neno linalolingana nalo ni "organic", na hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa sababu wanalichukulia kuwa ni neno la sifa tu, kama vile "tamu" au "safi". Sivyo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya ni neno linalolindwa na sheria. Kanuni yao namba 848 ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, ina kiambatisho kinachotaja neno linalolindwa katika kila lugha ya umoja huo: Wafaransa wana "biologique", Wahispania wana "ecológico", Wajerumani wana yote mawili, na Wafini wana neno lao wenyewe lisilofanana na la jirani yeyote, "luonnonmukainen". Kila lugha ilichagua neno kutoka nyumbani kwake, kisha sheria ikaliwekea uzio. Uzio huo unafika mbali zaidi ya wengi wanavyodhani, kwa kuwa hata vifupisho "bio" na "eco" vimo ndani yake. Kwa hiyo kijana wa kuchapa lebo hapa Ngamiani anapoongeza "eco" mbele ya jina la bidhaa kwa kuwa anaona linapendeza, anakuwa amemfanya mwenye bidhaa adai jambo ambalo ataulizwa cheti chake siku pakiti hiyo itakapofika sokoni Ulaya. Marekani nao wana utaratibu wao, ulioanza kutumika kikamilifu Oktoba 2002, na huko bidhaa iliyosindikwa haiwezi kuitwa kwa neno hilo kama viambato vyake vya kilimo hai havifiki asilimia 95, bila kuhesabu maji na chumvi.

Sasa nije kwenye neno linaloniumiza kichwa kuliko yote, nalo ni "asili". Wakulima wetu husema "zao langu ni la asili", na mfasiri asiyejua huandika "organic". Maana ya mkulima ni kwamba hakununua kitu dukani. Maana ya cheti ni kwamba kila kilichoingia shambani kimo katika orodha ya vilivyoruhusiwa, na kwamba kuna mtu mwingine aliyekagua. Mambo haya mawili mara nyingi huenda pamoja, lakini si kitu kimoja. Chukua utupa, mmea ambao wazee wa pwani na wa milimani wanaujua vizuri, kwa kuwa majani yake yakitwangwa na kutiwa mtoni samaki hulewa na kuelea. Majani hayohayo yakilowekwa huua wadudu shambani. Ni mmea wa asili kabisa, unaota wenyewe pembeni ya njia. Lakini sumu iliyomo, iitwayo rotenoni, iliondolewa katika orodha ya Ulaya ya vitu vinavyoruhusiwa kwenye kilimo hai, na mkulima anayeutumia hawezi kuuza huko kwa jina hilo hata kama hajawahi kugusa kopo la dukani. Tumbaku nayo ni vivyo hivyo kwa sababu ya nikotini yake. Basi anayetafsiri "asili" aandike "natural" na aishie hapo, na kama mkulima ana cheti, aandike kilichomo kwenye cheti.

Vivyo hivyo kwa "kienyeji". Kuku wa kienyeji ni kuku wa mbegu yetu, anayejitafutia uani. Mbegu za kienyeji ni mbegu tulizorithi. Hakuna hata moja kati ya hizo linalosema lolote kuhusu cheti, na ninawasihi wenye mikahawa ya ufukweni wanaoandika orodha za vyakula kwa ajili ya wageni walizingatie hili, maana mgeni anayelipa zaidi kwa neno aliloliamini anastahili kupata alicholipia.

Naomba nieleze kisa kimoja kwa kirefu, kwa kuwa ndicho kilichonisukuma kuandika. Msimu uliopita alinijia mama mmoja mkulima wa pilipili manga, ambaye mimi naona kuwa ni miongoni mwa wakulima waangalifu niliowahi kukutana nao. Daftari lake la shamba limefunikwa kwa karatasi ya kaki na kila mstari una tarehe. Pilipili yake huianika juu ya jamvi lililoinuliwa kwenye chanja, asije kuku akapita juu yake. Alikuwa na barua mkononi, na barua hiyo ilimtaarifu kwamba mzigo wake umetengwa na ule wa kikundi cha wakulima wenzake, sampuli yake imepelekwa maabara, na hadi majibu yatakapotoka hataweza kuuza kwa jina la kilimo hai. Nilimuuliza amefanya nini. Akaniambia, "Mwalimu, mimi sijui. Kila nilichofanya kimo humu." Nikalifungua daftari. Kwenye ukurasa wa mwezi wa Aprili aliandika kwa kalamu ya bluu: "Nimepiga dawa, bomba moja, mapilipili ya juu." Nikafungua na tafsiri iliyopelekwa kwa wakaguzi, iliyofanywa na mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo. Mstari ule ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza kwamba mkulima amenyunyizia kemikali.

Nikamuuliza dawa gani. "Mwarobaini, Mwalimu. Nilitwanga mbegu zake, nikaloweka usiku kucha, nikachuja kwa kanga. Kwani mwarobaini si dawa?"

Ni dawa, na jina lake lenyewe linasema kwamba inatibu maradhi arobaini. Mwanamke yule hakukosea Kiswahili, wala hakukosea kanuni, kwa maana kiambato cha mwarobaini kiitwacho azadiraktini, kinachotolewa kwenye mbegu zake, kimo katika orodha ya vitu vinavyoruhusiwa hata Ulaya. Aliyekosea ni mfasiri ambaye alikutana na neno "dawa" na hakuuliza dawa ya nini wala iliyotokana na nini. Katika Kiswahili chetu dawa ni ya malaria, ya mende, ya meno, ya viatu na ya kwekwe. Kiingereza kinazitenganisha, na wakaguzi wanazitenganisha zaidi. Ikiwa mkulima ameandika "dawa" peke yake, mfasiri hana haki ya kuchagua kwa niaba yake. Amrudie aulize, na kama hawezi kumrudia, aandike kwa uwazi kwamba mkulima hakutaja aina. Neno "kiuatilifu" tunalo, limo katika sheria zetu, na lingefaa litumike kwenye madaftari, mradi nalo lifuatwe na jina la kitu chenyewe: kiuatilifu cha mwarobaini, kiuatilifu cha pilipili na majivu. Majibu ya maabara yalipotoka yalikuwa safi, lakini msimu ulikuwa umekwisha na pilipili ile ilikwishauzwa kwa bei ya kawaida. Fedha ile haikurudi.

Katika mbolea kuna mtego wa aina nyingine, kwa sababu hapo Kiingereza chenyewe kina utata. Mkemia akisema "organic" anazungumzia misombo ya kaboni, na kwa hesabu hiyo hata urea, ambayo wakulima wetu huijua kama mbolea ya kukuzia, ni msombo wa aina hiyo; mkemia Mjerumani Friedrich Wöhler aliitengeneza maabara mwaka 1828. Ilhali kwenye kilimo hai urea ya kiwandani imepigwa marufuku. Kwa hiyo mkulima aliyeandika "samadi" atafsiriwe samadi, na itajwe ya mnyama gani na imetoka wapi, kwa kuwa samadi ya mabanda makubwa ya ufugaji wa kiwandani haikubaliki Ulaya. Aliyeandika "mboji" atafsiriwe mboji. Ukiyakusanya yote na kuyaita "organic fertilizer" unakuwa umemfichia mkaguzi kile anachokitafuta, na yeye hatakuamini.

Vipimo pia vinaponza. Watu wetu wanapima kwa ekari, na karatasi za wanunuzi zinapima kwa hekta, na hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Nimeshika mkononi orodha ya wanakikundi ambayo safu yake yote ya "ekari" iligeuzwa kuwa "hekta" bila namba hata moja kubadilishwa. Mkulima wa ekari sita akawa ghafla na hekta sita, na mkaguzi kwa haki kabisa akauliza kwa nini shamba kubwa namna hiyo linatoa kilo chache hivyo, au kama mavuno mengine yameuzwa pembeni. Kulinganisha eneo na mavuno ni moja ya njia kuu za kugundua udanganyifu, kwa hiyo kosa hilo lilimfanya mkulima mnyoofu afanane na mdanganyifu. Chini ya kanuni mpya za Ulaya kuhusu vikundi vya wakulima wadogo, ambavyo sasa haviruhusiwi kuzidi wanachama 2,000, ukubwa wa shamba usiozidi hekta 5 ni mojawapo ya vigezo vya kumkubali mwanachama. Ekari sita ni chini ya nusu ya kiwango hicho. Hekta sita zimekipita.

Na "shamba" lenyewe? Mama akisema ana mashamba matatu, moja bondeni, moja nyuma ya nyumba na moja alilorithi kwa baba yake kule mlimani, anamaanisha vipande vitatu vya ardhi. Kwa Kiingereza cha uthibitishaji ana shamba moja lenye vipande vitatu, na vyote vitatu lazima viorodheshwe, hata kile chenye mahindi ya chakula tu.

Maneno ya cheti nayo yanahitaji jicho kali. "Ithibati" na "uthibitishaji" hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali ni ngazi mbili. Chombo kinachokagua shamba la mkulima na kumpa cheti kinafanya uthibitishaji. Chombo hicho nacho hukaguliwa na mamlaka iliyo juu yake, na kibali kinachopewa ndicho ithibati. Mkulima akiandikiwa kwa Kiingereza kwamba ana ithibati, anadai cheo ambacho hata kampuni kubwa ya mazao haina. Wengine huona alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania kwenye pakiti, yaani TBS, wakaona "imethibitishwa", wakatafsiri kwamba ni bidhaa ya kilimo hai iliyothibitishwa. Alama ile ina maana yake na heshima yake, lakini haisemi zao limelimwaje. Kila palipoandikwa "imethibitishwa", tafsiri lazima ijibu: imethibitishwa na nani, kwa kiwango kipi.

Kuna pia utaratibu ambao majirani wenyewe hukaguana, wakatembeleana mashambani na kuamua kwa pamoja nani anastahili alama. Unaitwa mfumo shirikishi wa udhamini, na ni mkombozi kwa wakulima wasio na uwezo wa kulipia wakaguzi kutoka nje. Neno "udhamini", hata hivyo, tunalitumia kwa mdhamini wa timu ya mpira, kwa mdhamini wa mshitakiwa mahakamani, na kwa mtu anayemlipia mwanafunzi ada. Nimeshasoma tafsiri iliyowaambia wageni kwamba kikundi kinafadhiliwa, na wageni wakauliza mfadhili ni nani. Hapa udhamini ni kuwekeana ahadi ya ukweli mbele ya mnunuzi, na Kiingereza chake ni "guarantee". Ikumbukwe vilevile kwamba cheti cha mfumo huu kinafaa kwa soko la hapa kwetu na hakimwezeshi mtu kuuza Ulaya kwa jina la kilimo hai, na tafsiri isiyotaja aina ya cheti inaweza kumfanya mnunuzi wa mbali aagize mzigo ambao utakwama.

"Kipindi cha mpito", yaani muda wa shamba kuhama kutoka kilimo cha kawaida kwenda kilimo hai, nitakigusa kwa ufupi. Mikarafuu, miiliki na mipilipili manga ni mimea ya kudumu, na kwa kanuni za Ulaya shamba lake husubiri miaka mitatu kabla ya mavuno ya kwanza yanayoweza kubeba jina kamili. Zao la katikati ya kipindi hicho lina jina lake, "in conversion", na hata hilo lina masharti. Mfasiri asimfupishie mkulima safari ambayo yeye mwenyewe hajaimaliza.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni kwa Baraza la Kiswahili la Taifa, ambalo tangu lilipoundwa mwaka 1967 ndilo lenye dhamana ya istilahi, na kwa TBS, pamoja na vyama vya kilimo hai na maofisa ugani. Wakae pamoja, wawaite na wakulima wa viungo wa Muheza na wa machungwa, watoe orodha moja ya maneno ya kilimo hai kwa Kiswahili na Kiingereza, yenye maelezo ya kila neno na mfano wa matumizi yake kwenye daftari la shamba. Isiwe orodha iliyopikwa mezani kutoka kwenye Kiingereza kisha ikashushwa kijijini. Ianze na maneno ambayo mkulima anayaandika kwa mkono wake, kwa kuwa hayo ndiyo yanayotafsiriwa kila siku, na hayo ndiyo yanayoponza.

Kikundi chetu hakikungoja. Tumeongeza safu katika daftari, mbele ya safu ya "dawa", inayouliza "ya nini, imetokana na nini", na yule mama wa pilipili ndiye aliyependekeza maneno hayo. Tumekubaliana juu ya maneno mengi, lakini mawili yametushinda, nami nayaweka hapa ili wasomaji watusaidie. La kwanza ni "kilimo mseto", ambalo wengine hulitumia kwa kuchanganya mazao, wengine kwa mazao na mifugo, na huku milimani kwa mazao yaliyopandwa chini ya miti mikubwa. Kiingereza kina neno tofauti kwa kila moja. La pili ni "msitu". Mzee wa Amani akisema iliki yake iko msituni, mara nyingi ana maana ya shamba lake mwenyewe lenye kivuli cha miti aliyoiacha au aliyoipanda baba yake. Msomaji wa Ulaya akilisoma neno hilo kwa Kiingereza ataona ukataji wa miti, na hapo hifadhi ya mazingira asilia ya Amani iliyotangazwa mwaka 1997 iko jirani kabisa na mashamba hayo, kwa hiyo tofauti ya neno ni tofauti ya mkulima halali na mvamizi. Mmoja wetu amependekeza "shamba la kivuli". Wazee wanasema neno hilo halina uzito, kwani msitu kwao ni zaidi ya kivuli. Tutakutana tena kabla ya mavuno ya iliki, na mwenye neno bora zaidi tunamwomba aliandike katika safu hii ya barua.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga